Sabuni Ndani ya Dhiil

Wiki iliyopita nilifungua kifuniko cha chombo fulani cha mbao, nikaingiza pua ndani kama ninavyofanya kila nikirudi nyumbani, na nikapokewa na harufu ya sabuni. Ya limau. Nilibaki nimekishika hivyo hivyo, kichwa nimekiinamisha, na wifi yangu, mke wa kaka, amesimama kwenye mlango wa jiko akijifuta mikono kwa leso, ananitazama, anangoja niseme neno. Nitaeleza nilimwambia nini. Lakini kwanza niacheni nimalize hasira yangu ya zamani, maana bila hiyo hamtaielewa hii mpya.

Chombo chenyewe kinaitwa dhiil. Ndicho Wasomali wa upande wa Garissa wanachowekea maziwa. Hii yetu ilichongwa kutoka kigogo kimoja cha mti mwepesi, kirefu kuliko mkono wa mtoto, kiuno chembamba, na kifuniko ambacho ukikigeuza kinakuwa kikombe. Nje ina wekundu wa kuiva kwa samli na kushikwashikwa. Ndani ni nyeusi tititi, na weusi huo si uchafu. Ningeomba watu waielewe sentensi hiyo moja tu, na nusu ya shida za utoto wangu zisingekuwapo.

Tulifika kule kutoka Kakamega nikiwa darasa la pili, baada ya baba kupewa uhamisho. Kijiji kilikuwa kando ya barabara ya vumbi inayoshuka kuelekea Kotile, na mto Tana ulikuwa mbali kiasi cha kumfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kuoga. Mama alipata kazi ya kufundisha sayansi kimu katika shule ya msingi. Baba alikuwa wa idara ya misitu, na watu walimwita Bwana Miti, jina ambalo yeye alidhani ni heshima tupu. Sasa, mtu wa Kakamega anajua nini kuhusu kupanda miti? Kwetu hata kiguzo cha ua ukikisahau ardhini kinachipua. Baba alienda kule akiwa na imani kwamba ukame ni uzembe tu wa watu.

Alikuwa na kitalu nyuma ya nyumba yetu, mamia ya miche katika mifuko ya plastiki iliyopangwa kwa mistari. Mwarobaini upande huu, mathenge upande ule; ndiyo, mathenge, ule mti wa miiba uliovamia malisho, ambao leo wenyeji wanaulaani kwa kila lugha wanayoijua. Wakati huo baba aliumwagilia kama mtoto mchanga. Maji ya mkokoteni wa punda yalifika nyumbani, na kabla sisi hatujanywa, miche ilikuwa imekunywa. Mbuzi walikula walichoweza, tumbili wakang'oa wasichoweza kula, mchwa wakashughulikia mabaki. Baba aliwagombeza mbuzi kwa Kiswahili sanifu chenye upatanisho kamili, nao walimsikiliza wakitafuna.

Kosa lake kubwa lilitokea alipotaka mahali pa kuhamishia ile miche iliyonusurika. Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na kichaka ambacho mimi na Sahra, binti wa jirani aliyekuwa rika langu, tulikuwa tukiishi humo siku nzima. Humo mlikuwa na miti mifupi ya mareer, yenye matunda madogo ya rangi ya chungwa na utomvu mtamu unaonata hadi vidole vinagandana. Baba aliwaleta vijana wenye mapanga, wakafyeka kila kitu, wakarundika, wakachoma. Moshi ule ulinukia vizuri ajabu, siku mbili nzima. Nililia kwa ajili ya matunda. Baba alinieleza kwa upole kwamba vile ni vichaka tu, na kwamba mti ni kitu kilichonyooka. Kisha akapanda mwarobaini wake kwa kamba, mistari kumi, sawasawa kabisa. Majirani walisimama wakatazama, kisha wakarudi makwao. Baadaye nilikuja kujua kwamba watu wa kule mgeni akiharibu humpa muda aone mwenyewe. Sisi hatukuwa watu wa kuona wenyewe.

Kaka yangu mdogo Baraka, mume wa huyo wifi, ambaye leo ana kitambi na simu mbili, wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu na alikuwa amekonda kupita kiasi. Aliachishwa ziwa akiwa na homa, na tangu hapo kila kilichoingia kilitoka. Maziwa ya unga aliyatapika. Uji aliuzuia kwa meno yake manne. Mama akimwogesha alikuwa akipitisha kidole juu ya mbavu zake, moja baada ya nyingine, akidhani simwoni. Sikuwahi kumwona mama akiogopa kitu kabla ya hapo, na sikupenda.

Aliyetuokoa alikuwa mama yake Sahra. Tulimwita Habaryar Dahabo, habaryar likiwa neno lao la mama mdogo. Mumewe alikuwa na ngamia, na mara nyingi alikuwa nao malishoni. Habaryar Dahabo alipomsikia Baraka akilia siku ya tatu mfululizo, alimtuma Sahra asubuhi na ile dhiil, naye Sahra akamimina maziwa ya ngamia katika sufuria yetu, akarudi kwao. Mama aliyachemsha, bila shaka, aliyachemsha mpaka nikawaonea huruma. Hata hivyo harufu ya moshi haikutoka. Baraka alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akanyamaza, akalala. Toka siku ile Sahra alikuja kila asubuhi. Ndani ya mwezi mbavu zilizama, mashavu yakatokeza. Mama alimshukuru Mungu, baba akasema ni hewa kavu.

Sasa nafika kwangu. Asubuhi moja nilikimbilia kwa kina Sahra nikamkuta Habaryar Dahabo amechuchumaa nyuma ya nyumba. Alitoa kijiti motoni, akaupuliza mwali ukazimika likabaki kaa jekundu, akakitumbukiza ndani ya dhiil, akafunika, akatikisa. Moshi ukatoka pembeni mwa kifuniko. Kisha akafungua, akasugua ndani kwa kibrashi cha nyuzi, akakung'uta vipande vya mkaa, akaingiza kijiti kingine. Nilirudi nyuma polepole asinione. Mimi binti wa mwalimu wa sayansi kimu nilijua fika kwamba vyombo huoshwa kwa maji moto na sabuni, husuuzwa, huanikwa juani. Na nilijua pia kwamba mtu akifanya jambo nyuma ya nyumba anaona haya. Basi nikajumlisha. Nilimwonea huruma sana. Sikumuuliza, kwa sababu mama alikuwa ametuonya tusimuulize jirani kwa nini hana kitu fulani.

Nilimwambia mama. "Habaryar Dahabo hana sabuni," nilisema. "Anasafisha chombo cha maziwa kwa moto."

Mama aliacha kukuna nazi. "Maskini," akasema. Sijawahi kusema uongo uliofanya madhara kama ule ukweli wangu.

Nafasi ya kumsaidia ilipatikana upesi. Habaryar Dahabo alikuwa na arusi ya jamaa zao upande wa Kotile, na badala ya kumtuma Sahra kila asubuhi alituachia dhiil nzima imejaa, akasema ataichukua Ijumaa. Mama alimimina yale maziwa, akachungulia ndani, akashtuka. Alichemsha maji. Akakata kipande cha sabuni ya mche. Akatafuta waya wa kusugulia masufuria. Aliiosha dhiil mara tatu, na kila mara maji yalitoka meusi yenye chembechembe za mkaa, na kila mara mama alitikisa kichwa akimfikiria yule mwanamke na shida zake. Mimi nilibeba yale maji machafu kwenda nje nikiona fahari. Baba, asiyetupa hata tone, akayapokea akayamwagia miche yake.

Halafu mama akaianika dhiil juu ya bati. Jua la Garissa, saa sita, juu ya bati. Alasiri tulisikia mlio mdogo, tak, mama akasema ni bati linatanuka. Ilipopoa alipitisha kitambaa, akaijaza njugu tulizoletewa kutoka nyumbani, zote, kwa sababu kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ndani ilikuwa imebakia na rangi ya kijivu kama jivu lililolowa. Mama aliifurahia sana.

Ijumaa Habaryar Dahabo alikuja. Aliipokea kwa mikono miwili. Akafungua kifuniko, akaona njugu, akainamisha uso akanusa. Nilikuwa karibu naye, nikaona pua ikijikunja kidogo na kitu fulani kikipita usoni, kikaenda. "Asante, mwalimu," alisema. "Safi sana." Akaenda zake akiwa ameikumbatia.

Jumamosi Sahra hakuja. Jumapili hakuja. Jumatatu alipita kwetu akienda kisimani, mama akamuuliza, naye akasema mama yake amesema maziwa ni kidogo. Ngamia watatu walikuwa wamezaa, tulikuwa tumewaona. Baraka alilia kwa sauti ile ya zamani ambayo tulikuwa tumeanza kuisahau, na mama akamchanganyia maziwa ya unga, na Baraka akamrudishia yote kifuani.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na sijui kama imewahi kulala. Mama alinuna: njugu zote zile, kazi yote ile, na hata hajui kushukuru vizuri. Habaryar Dahabo alijifungia ndani na adabu zake. Baba alieleza wakati wa chakula kwamba ni suala la malisho, akachora na kijiko juu ya meza jinsi ukame unavyopunguza maziwa. Kati ya mlango wetu na mlango wao palikuwa na hatua thelathini, nilizihesabu. Watu wazima watatu, kila mmoja mwema kupita mwenzake, na mtoto anakonda katikati. Nilikuwa na umri wa miaka minane na nilikuwa nimechoka nao.

Siku ya nne nilichukua kikombe cha Baraka nikazitembea zile hatua thelathini mwenyewe. Habaryar Dahabo alikuwa ameketi kwenye mkeka, dhiil mapajani, anashona kwa ukanda wa ngozi ya ngamia ufa uliotoka mdomoni ukashuka hadi kiunoni. Ndiyo ile tak. Nilimwamkia, kisha nikasema moja kwa moja kwamba Baraka anataka maziwa.

Alinipa dhiil ninuse. Nilinusa, nikasema inanukia vizuri. Inanukia sabuni, nikasema, kama ya kwetu. Akaniuliza ni nani alimwambia mwalimu kwamba chombo ni kichafu. Ningeweza kunyamaza. Nilisema ni mimi, na nikamweleza yote, nyuma ya nyumba, kijiti, sabuni asiyokuwa nayo. Alifungua kasha la bati kando yake akanionyesha. Miche minne ya sabuni, mipya, imefungwa kwenye karatasi.

"Mama yako ni mutu musuri," alisema hatimaye, akirudisha macho kwenye kushona. "Lakini ameosha mama yangu."

Mama yake Habaryar Dahabo alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sisi hatujahamia, hilo nililijua kwa Sahra, na nilijua pia kwamba maiti huoshwa kabla ya kuzikwa. Nikaanza kujiuliza mama yangu alifika lini kwenye mazishi yale, na kwa nini hakutuambia. Lazima alinisoma usoni, kwa sababu aliiweka sindano chini akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kama mtu anayemlisha mtoto kwa kijiko. Dhiil ilichongwa mama yake alipoolewa. Kila asubuhi mama yake aliifukiza kwa mareer. Moshi wa leo ulikaa juu ya moshi wa jana, na wa jana juu ya wa juzi, mpaka akazeeka. Alipokufa, Dahabo aliendelea kuweka wake juu. Akifungua kifuniko asubuhi, chini ya harufu yake kulikuwa na harufu ya mama yake.

"Moshi yake ilikuwa hapa ndani," alisema. "Sasa iko wabi? Iko kwa miti ya baba yako."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama. Nilikuwa karibu kulia, kwa hasira zaidi kuliko majuto. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kipumbavu.

"Mutu ameosha chombo yako kwa mukono yake, amekujasia njugu. Utamwambia nini? Utamwambia asante."

Nikasema basi aifukize tena. Akanyoosha kidevu kuelekea dirishani. Kule nje kulikuwa na mistari kumi ya mwarobaini wa baba, na katikati yake visiki. Kuni zake za mareer zilikuwa zikitoka kwenye kile kichaka, matawi makavu yaliyoanguka yenyewe, na akiba aliyokuwa nayo ilikwisha kabla ya arusi. Niliulizia chombo cha plastiki, akasema plastiki ni ya mafuta ya taa, hawezi kumpa mtoto maziwa humo. Nadhani alikuwa amekasirika pia, hasira ya kawaida tu ya mtu aliyeumizwa, na alikuwa na haki nayo. Lakini aliangalia kile kikombe kitupu mkononi mwangu kwa muda. Kisha alifunga fundo la mwisho la ule ukanda, akasimama, akachukua shoka dogo, akamwambia Sahra aende akamwarifu mama yangu, na mimi akaniambia twende.

Tulitembea kuelekea upande wa mto. Sikuwahi kwenda mbali hivyo kwa miguu, na kila kitu kilikuwa na miiba: miti, majani, hata ardhi. Digidigi wawili walitoka miguuni mwetu wakanipa mshtuko. Kobe mmoja alivuka njia bila haraka, na Habaryar Dahabo alisimama akamngoja apite. Nilidhani kazi yetu ni nyepesi, kwa kuwa kuni zilitapakaa kila mahali. Niliokota kijiti nikamletea. Alikwaruza gome kwa ukucha, akanusa, akatupa. Hiyo itatia maziwa uchungu. Nikaleta kingine. Hiyo ni ya kujengea. Cha tatu kilikuwa cha mkaa, cha nne cha mpini wa shoka, cha tano hakunieleza, alikitupa mbali na kupangusa mkono kwenye nguo. Nilipoleta mathenge alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Hiyo ni ya baba yako, akasema.

Nilikasirika. Jua lilikuwa utosini, kiatu kimepasuka, na kijiti ni kijiti. Nilikaa chini nikatangaza kwamba siendi mbele. Nilipoinua macho niliona twiga watatu, karibu mno, wanatutazama kutoka juu ya mgunga, midomo inaendelea kutafuna huku macho hayatuachi. Habaryar Dahabo aliniambia tu kwamba wao pia huchagua. Hawali kila mti. Nikainuka.

Mareer tuliukuta kando ya mkondo mkavu, mkubwa kuliko wote wa kichaka chetu, na tumbili mmoja juu yake mwenye vidole vinavyonata. Alitukemea, akahama tawi. Habaryar Dahabo alitafuta matawi yaliyokufa, hayo tu, akayakata na kuyafunga kwa kamba. Tawi bichi hakuligusa. Mimi nilikula matunda mpaka nikashindwa kufungua kiganja, na nikamwekea Baraka machache mfukoni, ambako yaligandana na kitambaa milele.

Tuliporudi alasiri nilisikia sauti ya mama kabla sijaona nyumba. Sahra, bila shaka, hakuwa amemwarifu mtu. Alikutana na wenzake njiani wakaanza mchezo wa mawe. Mama alikuwa amezunguka kijiji kizima na Baraka ubavuni, akilini ana simba, ana majambazi wa barabarani, ana mto. Baba alikuwa anavaa viatu vya kazi. Mama alinigombeza kwa Kiluhya na kumgombeza Habaryar Dahabo kwa Kiswahili, zamu kwa zamu: mtoto wa mtu hachukuliwi porini kama mbuzi, na kama ni maziwa si alituambia yamekwisha, na sisi tulimkosea nini. Habaryar Dahabo alishusha mzigo wa kuni kichwani. Uso wake ulikuwa na vumbi tupu. Alifungua mdomo, na nikaona wazi kabisa kwamba anakwenda kuomba msamaha na kusema asante, na kila kitu kitabaki vile vile.

"Mama, hakikuwa kichafu," nilisema. Nilipiga kelele, kusema kweli. "Ulimwosha mama yake."

"Nimemwosha nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia moshi juu ya moshi, na kasha la sabuni, na ufa, na visiki. Sikupumzika katikati. Mama alimtazama Habaryar Dahabo ili akane, naye hakukana, aliangalia chini. Mama akamgeukia baba. Baba akaangalia mistari yake kumi, ile aliyoinywesha maji meusi, akainama akaanza kuvua viatu vyake vya kazi.

Mama alinipa Baraka nimshike. Akaketi mchangani, na gauni lake la kufundishia. "Nionyeshe," alisema.

Ingekuwa vizuri niseme kwamba alijifunza kwa unyenyekevu. Alikuwa mwanafunzi msumbufu kuliko wote niliowahi kuona. Alitaka kujua kijiti kikae dakika ngapi. Habaryar Dahabo akasema mpaka inatosha. Mama akauliza inatosha baada ya dakika ngapi. Utanusa, akajibiwa. Mama aliungua kidole, akakohoa, akasema mkaa ule lazima usuuzwe na maji kidogo tu, maji matupu, na Habaryar Dahabo akamnyang'anya dhiil. Mwishowe wakaanza kucheka, sijui nani alianza. Moshi ulipotosha Habaryar Dahabo alitia maziwa ndani, akamkonyeza Sahra, na Sahra akamletea Baraka maziwa katika kikombe, yaliyomiminwa kutoka dhiil ile ile, yakinukia nusu moshi nusu sabuni. Baraka akanywa yote akadai mengine. Sabuni haikumsumbua hata kidogo. Angekunywa tangu Jumamosi kama kuna mtu angempa. Kila nikimwona na kitambi chake nalikumbuka hilo.

Baada ya hapo mama alikwenda kwa jirani kila Jumamosi asubuhi, na wawili hao walichuchumaa nyuma ya nyumba na vijiti vyao. Kisiki kimoja kilichipua, na baba akakizungushia miiba, akaweka kadi yenye jina la Kilatini. Mbuzi wakala kadi.

Miaka miwili baadaye ulikuja uhamisho mwingine. Lori lilipokuwa likipakiwa, Habaryar Dahabo alimletea mama dhiil na furushi la mareer. Mama akakataa, akasema hiyo ni ya Sahra. Sahra naye alikuwa amesimama hapo amenuna waziwazi, kwa sababu alijua ni yake. Mama yake akasema Sahra atachongewa nyingine, mpya. "Hii sasa ni ya mikono mbili," akamwambia mama, akaisukuma kifuani pake, akaondoka kabla ya lori.

Kuni za mareer zilikwisha ndani ya mwaka. Kakamega hakuna mti huo, na mama alijaribu kila kitu kilichoota kwenye shamba letu, akikwaruza kwa ukucha, akinusa, akitupa, mpaka majirani wakaanza kusema ameathirika na jua la kule. Aliishia kwenye mpera. Maziwa ya ng'ombe, moshi wa mpera; sijui Habaryar Dahabo angesema nini. Kila Jumamosi asubuhi, mpaka mwaka huu, yule mwalimu wa sayansi kimu alikaa nyuma ya jiko lake akitikisa moshi ndani ya chombo. Alipozidiwa hata akashindwa kuchuchumaa, aliletewa kiti.

Tulimzika mwezi uliopita.

Wifi yangu ni mtu mwema. Alibaki nyumbani baada ya watu kutawanyika, akafua mapazia, akapiga deki vyumba vyote, akapanga vyombo vya marehemu mama mkwe wake ili tukirudi tukute pamekaa vizuri. Dhiil aliiona ndani ni nyeusi. Akaniambia mwenyewe, akijifuta mikono, kwamba ilimchukua siku mbili na waya wa kusugulia, na kwamba maji meusi yale hayakutaka kuisha.

Niliinua kichwa. Aliendelea kungoja, macho yamemvimba kwa kulia na kwa kazi, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji. Miaka yote nilikuwa nimemkasirikia Habaryar Dahabo kwa jibu lile.

"Asante, wifi," nilimwambia. "Safi sana."

Kisha nikatoka kwenda kuangalia kama kuna tawi kavu kwenye mpera.